Gari Lililonyamaza

Mayai yalikuwa yamekauka juu ya gari la kanisa kuanzia bampa hadi kwenye kioo cha mbele. Inspekta Nthoki Maingi alilizunguka mara ya pili pale uani mwa kituo cha polisi, leso puani, maana jua la Embakasi halina huruma na yai lililopasuka.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Ijumaa jioni, ndani ya mtaa wa Fedha, gari hili likiendeshwa na Walter, dereva wa kanisa, liligonga nyuma ya pikapu iliyosimama ikishusha mayai. Mwenye mayai, mfanyabiashara wa Eastleigh aitwaye Nafiso, alirushwa chini akavunjika mkono. Walter alisema breki zilikataa. Mchungaji Nabiswa, mwenye kanisa, akasema breki hazikatai hivi hivi, akamtaja mtu: Sylvance Odongo, fundi wa gereji ya Umoja, aliyeonekana chini ya gari hilo siku iliyotangulia akibadilisha pedi za breki. Tena alisikika na nusu ya kwaya akisema, "Hii gari itaua mtu." Sylvance akafungiwa. Kesho asubuhi angepandishwa mahakamani Makadara kwa kuharibu gari akikusudia kuumiza watu, na fundi akishapata shtaka la namna hiyo, hata baiskeli hataletewa tena.

Mkewe, Phelister, alikuwa kwenye benchi la kituo tangu asubuhi, hotpoti ya ugali na omena magotini. Kila Nthoki alipopita alisimama.

"Madam, mume wangu hajawahi kuharibu hata redio."

"Kaa, Mama Caro. Bado natazama."

Mkaguzi wa magari alikuwa ameshatazama kabla yake na kutoa neno: breki nzima, pedi mpya, hakuna paipu iliyokatwa. Nthoki alidhani hilo lingemaliza mambo. Hakuwa amekutana na Mchungaji Nabiswa.

"Breki za kawaida, sawa," mchungaji alisema, suti yake ya kijivu ikijitenga na gari kwa hatua za kutosha. "Lakini hili lina breki nyingine, Inspekta. Linajisimamisha. Ndivyo lilivyotoka Japani. Likiona kitu mbele na wewe umezubaa, linasimama lenyewe. Nimeona kwa macho yangu Kiamaiko, mbuzi wamejaa barabarani, likasimama pu! Walter hata hakugusa kitu."

"Hata hakugusa kitu?"

"Hata! Sasa Sylvance alipoingia chini, huo uwezo ndio alioutoa."

Nthoki aliliweka lile jibu la mbuzi mahali pa kulichukua baadaye. "Na hilo gari lina shida nyingine yoyote?"

Mchungaji akashusha sauti, ingawa aliyekuwa karibu ni kuku mmoja wa askari wa zamu. "Lilikuwa na shida. Lilikuwa na pepo."

"Pepo."

"Tulipolinunua. Ukiingia barabara ya Outer Ring, ghafla titititi! Usukani unatetemeka mikononi. Sauti ya mwanamke inasema lugha isiyojulikana. Tena cha ajabu, mke wangu akiendesha, kimya kabisa. Walter akishika usukani, titititi. Wazee wa kanisa wakapambanua kwamba ni pepo linaloogopa wanawake."

Nthoki alikohoa ndani ya leso mpaka macho yakamtoka machozi. Mayai yale yalimsaidia sana siku hiyo.

"Pasta, mama mchungaji akihama leni, huwasha indiketa?"

"Huyo? Huyo hata akitoka sebuleni kwenda jikoni angewasha."

"Na Walter?"

"Walter ni dereva mzoefu."

Jijini Nairobi, hilo ni jibu kamili. Magari ya siku hizi huitazama mistari myeupe ya barabara. Ukivuka mstari bila indiketa, gari huona kwamba umesinzia, basi hukupigia kelele, na mengine hutikisa usukani. Ukiwasha indiketa, linajua unahama kwa hiari yako, linakuacha. Pepo la kanisa la Mchungaji Nabiswa lilikuwa linafuata sheria za barabarani kuliko waumini wake.

"Mkalitoa vipi?" Nthoki aliuliza.

Uso wa mchungaji ukang'aa. "Tulifunga. Tukakesha. Jumapili nikalipaka mafuta ya upako mbele ya watu wote. Lilinyamaza siku hiyo hiyo, Inspekta. Halikulia tena hata mara moja. Walter alitoa ushuhuda, wanawake wakalia. Video iko, watu wanaitazama mpaka Bungoma."

"Ulilipaka wapi?"

"Kwenye paji la uso. Mahali pale pale pa mtu. Na kila Jumapili nimekuwa nikiongeza, ili lisirudi."

Nthoki alipanda kwenye ngazi ya mlango, akakitazama kioo cha mbele pale juu katikati, chini ya kioo cha kutazamia nyuma. Mayai hayakufika huko. Kilichokuwepo ni baka la mafuta pana kama kitumbua, vumbi la Eastlands limenasa juu yake tabaka kwa tabaka. Alinusa. Kisha akaingia ndani na kuwasha gari. Kwenye dashibodi, mahali pa taa za tahadhari, palibandikwa stika kubwa ya kanisa.

"Hii nani aliiweka?"

"Walter. Kulikuwa na kitaa cha rangi ya chungwa hapo, kilianza baada ya maombi. Kilikuwa kinamkosesha raha."

Akaibandua stika taratibu kwa kucha. Kitaa kilikuwepo, kinawaka, na chini yake maandishi ya Kijapani. Nthoki akayapiga picha kwa simu, akaiambia simu itafsiri, akasoma, kisha akasoma tena. Akaitia simu mfukoni.

"Pasta, saa tisa tukutane uwanjani kwa kanisa lako. Mlete Walter."

Sylvance alikuwa ameketi kwenye sakafu ya seli, mguu mmoja umekunjwa, suruali inashikwa kwa mkono kwa sababu mshipi ulikuwa kaunta, unakoachwa na kila anayefungiwa. Mtu mrefu, sauti ndogo. Nthoki alisimama nje ya vyuma.

"Ulisema hiyo gari itaua mtu?"

"Nilisema."

"Ulikuwa unamaanisha nini?"

"Muulizeni Walter."

"Nakuuliza wewe, Odongo. Kesho ni Makadara. Ukiwa na neno, huu ndio wakati wake."

"Madam, mimi nikisema, itakuwa ni fundi anamsukumia dereva makosa. Nani ataniamini? Walter ni jirani yangu. Nyumba yake na yangu ni ukuta mmoja. Watoto wake wamekula kwangu, wangu wamelala kwake. Yeye anajua. Atasema."

"Amekuwa na wikendi nzima ya kusema."

Sylvance alitazama sakafu. "Atasema," alirudia, na Nthoki aliona uchungu kumsikia, kwa sababu katika kazi yake alikuwa amewasikia wengi wakilisema neno hilo, na wachache sana ndio waliotoka kwa sababu yake.

Nthoki alimpata Nafiso Eastleigh, kwenye stoo yake ya mayai, mkono wa kulia ndani ya plasta, wa kushoto ukiwaamrisha wapakiaji. Alikuwa mtu wa kuongea huku anafanya kazi.

"Mimi nilikuwa nyuma ya pikapu, nimekaa hivi, naangalia barabarani. Nikaiona hiyo gari inakuja, pole pole. Sikuogopa. Kwani mtu wa kanisa atanigonga?"

"Ilijaribu kufunga breki?"

"Afande, mimi naishi First Avenue, barabara iko mlangoni. Nimeona watu wakifunga breki tangu nizaliwe. Gari ikifungwa breki, pua inainama. Hii pua haikuinama hata kidogo. Ilikuja juu tu, na madharau."

"Dereva ulimwona?"

Nafiso aliacha kuwaamrisha wapakiaji. "Nilimwona, wallahi. Alikuwa anacheka."

"Anacheka?"

"Meno yote. Ameinua mikono miwili juu ya usukani, hivi, kama anasema, mama, tazama! Nilidhani ananisalimia. Mimi nikainua mkono, nikamsalimia." Alinyanyua plasta yake. "Ndio huu."

Nthoki alifikiri juu ya watu wote ambao breki ziliwahi kuwakataa. Alikuwa amewahoji wengi. Walivuta hendibreki, walipiga honi, waliwaita mama zao waliokufa zamani. Hakuna hata mmoja aliyecheka.

"Nafiso, una trei tupu za mayai?"

"Nyingi. Shukuru dereva wako."

"Nazihitaji. Nitazirudisha, nyingine zikiwa zimebonyea."

"Nazileta mwenyewe," Nafiso akasema, tayari anavaa viatu. "Hiyo siwezi kuikosa."

Uwanja wa kanisa ulikuwa wa udongo mwekundu wa murram, mpana, na kufikia saa tisa nusu ya Fedha ilikuwa imesimama ukutani kama kwenye mechi. Nafiso alizipanga trei moja juu ya nyingine na kuzifunga kwa kamba mpaka zikawa mnara mnene unaompita Walter kwa urefu. Phelister alisimama kando na hotpoti yake. Walter, mtu mwembamba mwenye kofia ya kuendeshea ambayo hakuna aliyemwambia avae, aliizungusha kofia hiyo mikononi.

Nthoki akakaa kiti cha nyuma, mchungaji akakaa mbele kando ya dereva.

"Walter, endesha uende kwenye zile trei. Fanya yale yale uliyofanya Ijumaa."

Walter akaondoa gari. Trei zilikuwa bado mbali alipokanyaga breki, na gari likainamisha pua na kusimama kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Breki zimekubali," Nthoki akasema.

"Leo zimekubali, madam."

"Zimepona?"

Watu wa ukutani, ambao madirisha yaliyofunguliwa yaliwapa kila neno, wakaangua kicheko. Walter akavuta kofia chini.

"Walter, Ijumaa pua ya hii gari haikuinama. Mwenye mayai aliiona. Na alikuona wewe pia. Ulikuwa unatabasamu. Mikono iko juu. Breki zikimkataa mtu, Walter, hutabasamu?"

Nafiso, kule kwenye trei, akainua mkono wake wa plasta na kumpungia.

"Madam," Walter akasema mwishowe, "nilitaka tu yule mama aone."

"Aone nini?"

"Vile inasimama yenyewe." Maneno yakaanza kumtoka upesi, kama aliyekuwa ameyabana kifuani na sasa yamemshinda. "Kabla ya yale maombi nilikuwa nafanya hivyo kila siku. Kiamaiko kwa mbuzi. Hapa Fedha kwa watoto. Kwa wazee wa kanisa. Unaachilia kila kitu, inaenda, inaenda, watu wanapiga nduru, halafu inasimama! Watu wanapiga makofi. Mimi nimeendesha miaka yote hii, madam, hakuna mtu aliwahi kunipigia makofi. Baba Caro aliniona siku moja, akaniambia nikiendelea hivyo hiyo gari itaua mtu. Tukagombana, nikaacha. Ijumaa ndiyo mara ya kwanza kujaribu tena tangu hiyo gari ipakwe mafuta."

"Kwa hivyo alikuwa anakuonya wewe."

"Ndiyo."

"Na ulijua."

Mchungaji alikuwa amegeuka kwenye kiti, kidole juu. "Sasa mnaona! Gari lilikuwa linajisimamisha. Halafu Sylvance akaingia chini, na likaacha. Nani basi aliyetoa huo uwezo?"

"Swali zuri, Pasta. Walter, rudi nyuma. Safari hii usiguse breki mpaka ugonge."

Walter alitii. Gari lilikwenda pole pole, mchungaji akashika dashibodi, trei zikakaribia, zikajaa kioo kizima, na puu! Mnara wote ukamwagika juu ya boneti. Ukutani watu walishangilia goli.

"Sawa," Nthoki akasema, akishuka. "Sasa niletewe maji moto na sabuni ya vyombo."

Vilipoletwa, alimkabidhi mchungaji karai na kitambaa. "Pale juu katikati, Pasta. Kwenye paji la uso."

"Lakini hayo ni mafuta ya upako!"

"Najua. Nimeyanusa. Panda hapa nikuonyeshe." Akamwelekeza kidole ndani ya kioo, pale kwenye kisanduku cheusi kando ya kioo cha kutazamia nyuma. "Unaona hivyo vigololi viwili? Hayo ni macho ya gari. Ndiyo yanayoona mistari ya Outer Ring, likakulilia titititi. Na ndiyo hayo hayo yanayoona mbuzi wa Kiamaiko na mayai ya Nafiso. Wewe umeyapaka mafuta Jumapili baada ya Jumapili, na upepo ukaleta vumbi. Kile kitaa Walter alichokiziba kilikuwa kinasema, nimesoma kwa simu, macho ya mbele hayaoni, tafadhali safisha kioo."

Mchungaji alitazama vigololi, akatazama kidole gumba chake.

"Siku liliponyamaza," Nthoki akasema, "ndiyo siku lilipopofuka. Mlitoa ushuhuda wa upofu. Sylvance alikuwa chini kwenye magurudumu. Hakufika juu huku hata kwa bahati mbaya."

Mchungaji akasugua. Alisugua muda mrefu, mikono ya suti imekunjwa, na hakuna muumini aliyethubutu kucheka, ingawa wengine walilazimika kutazama mawingu. Trei zikapangwa upya. Nthoki akazima gari, akaliwasha tena. Kitaa kikazimika.

Safari ya tatu, tena bila kugusa breki, Walter alifumba jicho moja. Gari likaenda, likaenda, trei zikakua, mchungaji akaanza kukemea kwa sauti, kisha kutoka kwenye dashibodi mwanamke wa Kijapani akasema neno kali, titititi, pua ikainama chini, na gari likasimama, umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwenye mnara.

"Yesu wangu!" mchungaji akapaza sauti.

Nafiso, asiye na mikono miwili ya kupiga makofi, akajipiga pajani kwa ule mzima. Uwanja mzima ukalipigia gari makofi. Walter peke yake aliketi bila kusogea, na Phelister akaja mpaka dirishani kwake.

"Ile gari ilikuwa na mafuta machoni," alimwambia. "Wewe, Baba Moraa, ulikuwa na nini?"

Walter akaivua kofia yake.

Mchungaji alimvuta Nthoki pembeni kabla vumbi halijatulia. "Inspekta. Hili jambo tulimalize kwa hekima. Tuseme tu kwamba kanisa limemsamehe Sylvance."

Phelister alikuwa na masikio mazuri. "Amesamehewa kosa gani, Pasta?"

"Mama Caro, ni lugha tu ya..."

"Kosa gani? Nimekuwa mshirika wako tangu kanisa likiwa la mabati. Nitajie kosa la mume wangu, nami nitapiga magoti hapa hapa tumshukuru Mungu kwa msamaha wako."

Mchungaji alitafuta kosa. Alilitafuta kwa bidii, ungeweza kuona. "Ile video," akasema mwishowe, kwa Nthoki, karibu kunong'ona, "watu wanaitazama sana."

"Iacheni," Nthoki akasema. "Gari lilinyamaza kweli. Lakini kwangu utakuja kuandika kwamba ulimshtaki mtu asiye na hatia. Kusamehe ni kazi ya kanisa. Sisi pale tunaandika tu nani amekosa."

Mchungaji aliandika. Ilimchukua karatasi mbili, ya kwanza ikiwa imejaa mapenzi ya Mungu na haina jina la Nabiswa popote. Nthoki aliirudisha. Ya pili ilikuwa na mistari mitatu na saini.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya maghorofa Sylvance alipoletwa kaunta. Akapewa simu yake, funguo za gereji, na mshipi. Alikuwa bado anaupitisha kiunoni alipomwona Walter mlangoni, kofia mkononi. Phelister alitaka kumvuta mumewe wapite. Sylvance hakuvutika.

"Baba Caro," Walter akasema. "Nilikuwa nakuja kusema. Jumamosi nilivaa hadi viatu. Nilifika stage ya matatu ya Donholm nikarudi. Nilifikiria kazi, nikafikiria watoto. Jumapili nikasema kesho. Mbona wewe hukunitaja? Ungenitaja tu, wangekuamini."

Sylvance alimaliza kuufunga mshipi. Hakuonekana na hasira, na labda hilo ndilo lililomfanya Nthoki ageuze macho.

"Nilikuwa nakungoja," Sylvance akasema. "Kila mlango ukifunguka, nilikuwa nasimama. Nilidhani ni wewe."

Akamshika mkewe mkono, wakatoka. Walter alibaki akiuangalia mlango hata baada ya wao kuvuka barabara.

"Ingia, Walter," Nthoki akasema, akifungua ukurasa mpya wa kitabu cha matukio. "Kuna kesi ya kuendesha ovyo, na kuna ya kudanganya polisi."

Walter akaja mpaka kaunta. Kabla hajaambiwa, alikuwa ameshaanza kuufungua mshipi wake.